Modeli yenye mabawa ya kurudi nyuma: pua inazama, nifanyeje?

FundiPasua
Wakuu, salaam. Mimi ni seremala hapa Moshi, Pasua. Mwalimu wa fizikia wa mwanangu kaniomba niwaundie klabu yao modeli ya ndege inayobadilisha pembe ya mabawa ikiwa angani, kama zile za kivita. Nimekata sterofomu iliyokuja na friji, ndani nikatia vijiti vya mianzi, na mabawa yanazungushwa na sevo moja (mota ndogo ya kugeuza) kupitia gia za printa mbovu. Boliti mbili za egemeo, pale bawa linapozungukia, nimezibananisha katikati ya mwili, maana hapo ndipo penye ubao imara.

Mabawa yakinyooka inaelea vizuri tu, asubuhi kabla upepo haujachachamaa. Nikiyarudisha hadi nyuzi 50 hivi, pua chini, moja kwa moja kwenye mahindi ya watu. Nikaongeza uzito mkiani. Sasa mabawa yakinyooka inainua pua, inakosa mwendo, inadondoka. Naziba huku, kunavuja kule. Wenye ndege za kweli walifanyaje?

Kijenge_Juu
Mkuu, kwa mwendo wa hiyo sterofomu kurudisha mabawa hakukupi chochote. Faida inaanza ukikaribia kasi ya sauti. Weka mabawa ya kawaida ulale.

FundiPasua
Hilo nalijua. Watoto wanataka kuona yakitembea, hakuna aliyeomba kuipita sauti.

MzeeHanga
Fundi, mimi nimezeekea kwenye karakana za ndege ndogo hapa Arusha, na kazi yako naiona safi. Kinachokusumbua ni mahali pa boliti.

Bawa likirudi nyuma, mahali mnyanyuo, yaani nguvu ya hewa inayoibeba ndege, unaposhikia panarudi nalo. Kitovu cha uzito nacho kinarudi, ila kidogo tu, kwa sababu uzito mwingi uko mwilini. Mnyanyuo ukiuacha uzito mbele kiasi hicho, pua itainama hata uapize.

Wamarekani walikutana na hilo hilo kwenye ndege ya majaribio Bell X-5, iliyoruka Juni 1951 na kubadilisha mabawa angani kutoka nyuzi 20 hadi 60. Wazo walilitoa kwa ndege ya Wajerumani, Messerschmitt P.1101, iliyokutwa haijamalizika kule Oberammergau mwaka 1945, ambayo pembe yake ilibadilishwa ikiwa chini tu. Kwenye X-5 wakaweka reli: bawa likirudi nyuma, shina lake linasukumwa mbele. Ilikubali, lakini pima uzito wa mtambo wote huo na nafasi unayokula ndani ya mwili. Na ndege yenyewe ilikuwa korofi. Ikipoteza mnyanyuo inazunguka kama pia. Moja ilianguka Oktoba 1953 mabawa yakiwa nyuzi 60, rubani akafa.

Dawa ilitoka Langley, kituo cha utafiti cha NASA huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye mahandaki ya upepo ya kupimia modeli. Injinia Barnes Wallis wa Uingereza, aliyekuwa amehangaika na mabawa haya miaka mingi, aliwatembelea mwaka 1958. Alford na Polhamus wa Langley wakaacha kipande cha ndani cha bawa kikae palepale, ukingo wake wa mbele ukiwa umelala sana, na egemeo wakalitoa nje ya mwili. Kinachozunguka ni sehemu ya nje tu. Ikirudi nyuma, kile kipande cha ndani kilichoko mbele kinabeba sehemu kubwa zaidi ya mnyanyuo, kwa hiyo pua haivutwi sana. Ndege za kivita F-111 ya mwaka 1964, F-14, Tornado, zote zimefuata njia hiyo.

Kijenge_Juu
Shikamoo mzee. Sasa mbona hapo uwanja wa ndege wa KIA sijawahi kuona ndege ya abiria ya hivyo?

MzeeHanga
Marahaba. Boeing walijaribu. Mchoro wao wa 2707, wa kupita kasi ya sauti, ulishinda shindano la serikali ya Marekani mwishoni mwa 1966 ukiwa na mabawa ya kuzunguka. Uzito ukawashinda, wakayaacha mwaka 1968, na 1971 mradi wote ukafutwa. Hizo za jeti unazoziona KIA mabawa yamerudi nyuma kiasi na yamefungwa hapo hapo. Wakati wa kutua wanashusha flapu, vibapa vya nyuma ya bawa vinavyoongeza mnyanyuo mwendo ukipungua. Ni nyepesi kuliko egemeo.

FundiPasua
Shikamoo mzee. Kwa hiyo nikate upya?

MzeeHanga
Marahaba. Mwili uache. Ongeza pembetatu ya ubao mwembamba kila upande, isisogee, na boliti iende karibu theluthi ya urefu wa bawa kutoka mwilini. Ule uzito wa mkiani utoe. Pua bado itainama kidogo, kwa hiyo unganisha waya wa sevo na bapa la mkia, lipande kadiri mabawa yanavyorudi.

Na tundu la boliti lisikae kwenye sterofomu tupu. Tia bushi, kibomba kigumu cha kupitishia boliti, gundi ubao juu na chini. Desemba 1969 F-111 moja ilikatika bawa kule Nevada kwa sababu chuma cha egemeo kilikuwa na ufa tangu kiwandani. Yako ikikatika itakuwa juu ya vichwa vya wanafunzi, basi ivute kwa mikono kwanza, kwa nguvu kweli, kabla hujampa mwalimu.