Tupeane uzoefu: kichwa kimetulia, lakini kushangaa kulikwenda wapi?

Wa_Birere: Jana usiku natoa nguo kwenye kamba, watoto wa jirani wakaanza kelele: moto ya mlima! Kweli, mawingu juu ya Nyiragongo, volkano yetu hapa Goma, yalikuwa mekundu. Nikatazama, nikasema ndiyo, ni nyekundu. Nikaendelea kukunja nguo. Zamani ningekaa nje mpaka mama anitukane. Miaka minne ninameza dawa, sauti zimekwisha, Mungu asifiwe. Ila vitu vyote vimekuwa kama picha ya kalenda. Niko peke yangu?

MamaKeshero: Uko na mimi. Harusi ya mtoto wangu nilikaa kama mgeni aliyekosea mlango.

Majengo_Juu: Mlima huo usinikumbushe. Tarehe 22 Mei 2021, ile jioni, nilikuwa nimeacha vinini, vidonge vyangu, karibu mwezi, nimelala saa mbili kwa siku. Mbingu ikawaka. Watu wanateremka na magodoro kichwani, mimi napanda upande wa Kibati kwa sababu mlima unaniita kwa jina. Na aibu yangu ni hii: nilikuwa na furaha. Mama za watu wanatafuta watoto, mimi nalia kwa uzuri. Yaya, mkubwa wangu, alinifuata, akanifunga kiunoni na kitenge cha mama, tukatembea hivyo hadi mji wa Sake kama mbuzi na mwenyewe. Tangu hapo nikisema kitu kimependeza, nyumba yote inanyamaza, dada anaenda kuhesabu vinini. Nimejifunza kusema "si mbaya".

Chukudu_ya_Mbao: Mwaka ule lava haikufika Majengo, iliishia Buhene.

Majengo_Juu: Nani kasema ilifika? Nimesema MIMI nilipanda. Soma kwanza.

Chukudu_ya_Mbao: Ya 2002 njo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Nyinyi watoto hamkuona kitu.

MamaKeshero: Papa, mtu anaeleza ugonjwa wake, wewe unapima lava!

Mwombezi_G: Hizo dawa ndizo zinafunga roho. Siku tatu za kufunga kwenye chumba cha maombi, utaona.

Katindo_Kimya: Mimi niliona. Niliacha, wiki ya tatu nikaokotwa sokoni Virunga bila nguo. Ninasali na ninameza.

Nesi_wa_zamu: Wa_Birere, usipunguze mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia, kwa maneno hayohayo ya kalenda. Haloperidoli, dawa ya kunyamazisha sauti, ikizidi inaweza kukufanya gogo, kipimo kinaweza kushushwa polepole. Na kuna wakati si dawa, ni huzuni yenyewe imekaa ndani.

Chukudu_ya_Mbao: Au oa. Kushangaa kutarudi tu.

Katindo_Kimya: 😂 Mimi kulirudi kwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Dokta alikuwa ameshusha kipimo, miezi ikapita, hakuna kitu. Alfajiri moja niko Kituku, soko la kando ya ziwa, nanunua, mitumbwi inaingia, wavuvi wanaimba huku taa bado zinawaka juu ya maji. Mama muuzaji ananidai pesa, mimi nimesimama mdomo wazi.

Majengo_Juu: Ulijuaje si ugonjwa unarudi?

Katindo_Kimya: Niliogopa pia. Lakini nilikula, nikarudi nyumbani, usiku nikalala masaa nane mazima. Wangu ukija haunipi usingizi.

Wa_Birere: Wanafika saa ngapi, hao wavuvi?

Katindo_Kimya: Uwe pale saa kumi na moja na nusu.

Majengo_Juu: Nami nakuja. Dada nitamwambia nimeenda kutafuta mboga.