Naomba ushauri: tangazo la kampeni lisilodai chochote

Habari zenu ndugu wanachama. Nachambua matangazo ya kampeni kwa zile mbinu 7 za propaganda zilizoorodheshwa Marekani mwaka 1937: kubandika majina mabaya, maneno matamu matupu, kuazima heshima ya bendera au dini, ushuhuda wa mtu maarufu, kujifanya mwananchi wa kawaida, kuchagua ukweli wa upande mmoja, na kufuata mkumbo. Kwa maneno zinafaa sana. Picha ndizo zinazonishinda.

Chukueni tangazo la televisheni la Lyndon Johnson, rais wa Marekani aliyekuwa akigombea urais, la Septemba 7, 1964. Mtoto wa kike anachuma petali za ua huku akihesabu, sauti ya mwanamume inahesabu kurudi nyuma, kisha bomu la nyuklia linalipuka. Mpinzani wake, Barry Goldwater, hatajwi kabisa! Mtazamaji anamalizia mwenyewe.

Nimejaribu kulitazama bila sauti, kisha kulisikiliza bila picha, nikiandika kila dai kwa sentensi moja. Karatasi inabaki karibu tupu.

Je, hofu isiyotamkwa niiweke kwenye fungu lipi kati ya hayo 7, au niifungulie la nane? Na mnatumia kipimo gani kutenganisha onyo halali na vitisho?

Natanguliza shukrani.