Pengo la corona kwenye hisabati kidato cha nne, tuanzie wapi?

MamaNgamiani: Habarini wadau wa Tanga. Kijana wangu anafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba hii, 2022. Shule zilipofungwa Machi hadi Juni 2020 alikuwa kidato cha pili. Hisabati inamgonga. Nimtafutie tuisheni ya mada zote?

Mwl_Chumbageni: Mama, mada zote zitamchosha bure. Mpe mtihani mmoja wa nyuma wa NECTA (Baraza la Mitihani), saa tatu kamili, kisha aandike mada ya kila swali alilokosa. Mara nyingi utakuta ni za kidato cha pili: vipeo, logi (logarithimu), milinganyo ya kwadratiki. Logi ndiyo huwaponza wengi. Wakitafuta logi ya 0.0345 wanaandika −2.5378. Sahihi ni 2 yenye kistari juu, halafu .5378, maana yake −2 + 0.5378. Kistari ni cha ile 2 peke yake. Asipolishika hilo, kila kuzidisha na kugawanya kwa logi kutaharibika.

Pwani_Hesabu: Naunga mkono. Na muda je? Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6, B manne ya alama 10. Dakika 10 kwa swali la A, 18 kwa la B, zinabaki 8 za kukagua. Daraja C linaanzia alama 45 na Sehemu A pekee ina 60, kwa hiyo sehemu hiyo aimalize kwanza.

MamaNgamiani: Ahsanteni sana walimu. Jumamosi anaanza na logi.

Mwl_Chumbageni: Na aonyeshe njia, mama. Jibu likikosewa, hatua sahihi bado zina alama.