Mrejesho: mpwa wangu na eneo la duara

Wakuu, mwezi uliopita nililalamika hapa kwamba mpwa wangu wa kidato cha kwanza anaimba πr² kama kasuku, ukimuuliza imetoka wapi, kimya. Mkaniambia nimwonyeshe kwa picha zinazotembea.

Video niliyoanza nayo haikusaidia kitu. Rangi nzuri, kasi ya daladala ya Igoma, dogo akasema "safi" akarudi kuimba.

Nikahamia GeoGebra, programu ya kuchora maumbo ya hisabati ambayo haina malipo, nikamwachia kitelezi, kile kitufe cha kuburuta kinachobadili idadi ya vipande, asogeze mwenyewe. Duara limekatwa kama chapati, vipande vinapangwa kimoja juu kimoja chini. Vikiwa 8, umbo lina mawimbi kama ziwa lenye upepo. Akasogeza hadi 64, mawimbi yakalala, likabaki kama mstatili. Nikamsimamisha hapo, nikamuuliza: urefu wake ni nini? Alikaa dakika nzima anakuna kichwa. "Nusu ya mzingo, mjomba. Yaani πr. Na kimo ni r!" Akazidisha mwenyewe.

Umeme ukakatika hapohapo, akachukua karatasi na mkasi akakata duara lake kwa mwanga wa tochi.

Sasa anataka ujazo wa tufe. Mwenye maarifa anisaidie, maana hapo hata mimi nilikariri tu.