Yanga na makocha: mpya apewe mechi ngapi kabla hatujaanza kelele?

Jangwani_Ndani
Wakuu, habari zenu. Tangu Nabi aondoke Juni 2023 wamepita Gamondi, Ramovic, Hamdi na Folz, na Oktoba 2025 akaja Pedro Gonçalves. Makombe yanaingia, sikatai, ila roho haitulii. Ukishamzoea mtu na kikosi chake, unaamka unakuta "asante kocha" kwenye ukurasa wa klabu. Gamondi ndiye bado ananiuma. Alishinda mechi 8 za kwanza za ligi 2024/25 bila nyavu kuguswa, akafungwa 2 mfululizo, Azam 1-0 (Bacca kala nyekundu kipindi cha kwanza) na Tabora United 3-1, akatupiwa virago. Kocha mpya akija katikati ya msimu nimtazame nini, na kwa mechi ngapi?

Namba6_Mkabaji
Matokeo yaache kwanza, tazama mpira ukipotea. Ramovic alitaka timu ikabe juu: mpira ukinyang'anywa, watu watatu wa karibu wanauvamia ndani ya sekunde 5 au 6, na mabeki wa kati wanasogea hadi karibu na mstari wa kati. Mabeki wasiposogea, linabaki shimo nyuma ya viungo, na pasi moja tu inaua. Mawinga wakisita, adui anageuka na kupiga mpira mrefu juu ya mabeki waliopanda. Ni kazi ya watu 10 kwa wakati mmoja, haizoeleki kwa wiki moja.

Sasa angalia kalenda. Katambulishwa Novemba 15, 2024. Novemba 26, makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, akafungwa nyumbani 2-0 na Al Hilal ya Sudan, kisha 2-0 kwa MC Alger ya Algeria. Baada ya hapo sare 1-1 kwa Mazembe, akawafunga 3-1 Dar, akaifunga Al Hilal 1-0 kule Mauritania, akamaliza kwa 0-0 na MC Alger. Tukatoka na pointi 8, MC Alger 9. Mechi 2 za kujifunza ndizo zilizotutoa. Mimi humhukumu kocha kuanzia mechi ya 4.

Pumzi_Dk90
Mkuu, hiyo ya nne ni kama ana muda wa mazoezi. Ukicheza kila baada ya siku 3 au 4, kesho yake walioanza wanapumzisha misuli, na siku moja kabla ya mechi ni mazoezi mepesi. Inabaki siku moja ya kufundisha, mara nyingine hata hiyo inaliwa na safari. Pumzi ya kukaba juu hujengwa wiki 5 au 6 kabla ya msimu. Ukiilazimisha Desemba, utaona dakika ya 60 timu imekatika vipande viwili, mbele wanakimbia, nyuma wanarudi. Baada ya wiki chache wanaanza kushika misuli ya nyuma ya paja mmoja mmoja.

Ndiyo maana Hamdi alifaulu. Hakuja kubomoa. Aliwaacha wacheze walichokijua, tukamaliza ligi na pointi 82, watani Simba 78, na dabi ya Juni 25 tukawapiga 2-0.

Kalamu_ya_Mkataba
Mnasahau fedha. Kocha akifukuzwa bila sababu halali anadai mshahara wa miezi iliyobaki, ukipunguzwa anachopata akipata kazi kwingine. Kesi ikifika FIFA na klabu ikashindwa, ina siku 45 za kulipa. Zikipita, inaweza kufungiwa kusajili, hadi madirisha 3. Kwa hiyo ukisikia "wamekubaliana kuachana", mara nyingi ni hesabu hiyo. Ramovic ni tofauti, yeye mwenyewe alifuata kazi Belouizdad ya Algeria.

Jangwani_Ndani
Nimewaelewa. Ila Gamondi tuliyemwona hafai ndiye aliyeifikisha Taifa Stars 16 bora AFCON 2025, tena alikabidhiwa timu mwezi mmoja na nusu tu kabla ya mashindano. Hapo Pumzi utanijibu nini?

Pumzi_Dk90
Nakujibu kwamba timu ya taifa haina ligi Jumatano. Na hakuwafundisha kukaba juu, aliwarudisha nyuma wakabane.