Kijana wa miaka 16 kizimbani: hivi yule Steve alihusika au hakuhusika?

Mzee wa Fotokopi (Moshi) anauliza:

Wakuu, salaam. Nina steshenari ndogo hapa Moshi, hatua chache kutoka mahakamani. Napiga fotokopi, nachapa hati za viapo, nauza kalamu kwa watu waliofika kwenye kesi bila kalamu. Ila swali langu leo si la biashara.

Kuna mzungu wa kujitolea alimaliza muda wake akaacha boksi la vitabu kwenye hosteli anayofanyia kazi mke wangu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, akachomoa humo riwaya inaitwa Monster, ya Mmarekani Walter Dean Myers, ya mwaka 1999. Jalada limeshang'oka, nimelibana na gundi ya dukani. Kila usiku baada ya kula anasoma kwa sauti, mimi nasikiliza na chai yangu. Tukikwama tunafungua kamusi, ile ninayouza, kwa hiyo sasa ina alama za vidole na siwezi kuiuza tena.

Kwa ambaye hajaisoma: Steve Harmon ana miaka 16, anaishi Harlem, New York. Ni mwanafunzi, anasomea mambo ya filamu shuleni. Wahuni wawili, King na Bobo, waliingia kwenye duka la dawa kuiba. Mwenye duka, mzee Nesbitt, akatoa bastola yake, wakang'ang'aniana, akapigwa risasi na bastola hiyohiyo. Serikali inasema Steve ndiye aliyetangulia kuingia kuangalia kama kuna askari. Kwa hiyo naye kashtakiwa kwa mauaji, ingawa hakugusa silaha. Kitabu chote kimeandikwa kama filamu anayoitunga mwenyewe akiwa mahabusu, halafu katikati kuna kurasa za daftari lake. Jina la kitabu limetokana na wakili wa serikali, aliyewaita washtakiwa jina hilo mbele ya mahakama. Zimwi, sisi tungesema.

Kuna sehemu imenikaa kichwani. Wakili wake, mama mmoja anaitwa O'Brien, anamfanyisha mazoezi kabla hajapanda kutoa ushahidi. Anaweka kikombe mezani. Anamuuliza swali, Steve akijibu vibaya, anakigeuza kikombe kifudifudi. Maana yake, jibu upya. Mpaka majibu yakae sawa. Binti yangu alisimama kusoma akaniuliza, "Baba, sasa hapo anamfundisha kusema ukweli au kusema vizuri?"

Mwisho King anatiwa hatiani, Steve anaonekana hana hatia. Anafungua mikono amkumbatie wakili wake, na yule mama anageuka pembeni, anakusanya makaratasi yake. Basi. Binti ananiuliza, kwa nini aligeuka? Alihusika au hakuhusika? Siku ya tatu leo nakwepa.

Mliosoma mnasemaje? Na wanaojua sheria: kijana kama huyu angekuwa hapa kwetu, ingekuwaje?

Dogo wa Kiboriloni:

Mzee wangu shikamoo. Filamu yake ipo Netflix tangu 2021, mnajitesa na kamusi za nini?

Mzee wa Fotokopi:

Marahaba. Tatizo bando, mwanangu. Halafu kitabu hakikati katikati.

Ticha wa Ngarenaro (Arusha):

Kaka, mimi nafundisha Kiingereza, kitabu hiki nimekisoma mara mbili, na msimamo wangu ni kwamba Steve aliingia dukani. Rudini kwenye zile kurasa za daftari. Kuna mahali anajiuliza alikosa nini, aliingia dukani kutafuta pipi za mnanaa, akatoka, ubaya uko wapi? Haya, nendeni kwenye ushahidi wake kizimbani. Anakana. Siku ile hakuingia kabisa. Mtu mmoja, maneno mawili. Mwandishi hakupitiwa hapo, aliliacha kusudi.

Lakini kuingia dukani si kuua, na hapa ndipo wanafunzi wangu hugombana mpaka kengele inalia. Bobo mwenyewe, aliyekuja kutoa ushahidi ili apunguziwe adhabu, anasema Steve hakuwapa ishara yoyote alipotoka. Sasa kutotoa ishara ni kukataa kushiriki, au ndiyo ishara yenyewe kwamba njia nyeupe? Mimi nadhani hata Steve hajui. Ndiyo maana miezi imepita, kaachiwa, bado anajirekodi na kamera upande huu na upande ule akitafuta ni nani yule wakili alimwona akageuka.

Kuhusu yule wakili: tangu mwanzo alimwambia wazi kwamba nusu ya wazee wa mahakama walishamhukumu walipomwona tu, kijana, mweusi, yuko kwenye kesi. Alikuwa anafanya kazi yake. Kushinda kesi hakumlazimishi kumwamini mteja.

Mama Duka Sakina:

Ngoja niwe mbaya kidogo. Komenti zote hizi, Steve, Steve, Steve. Nesbitt je? Mzee wa watu kafungua duka asubuhi, kafa kwa ajili ya sigara na vijisenti vya droo. Mimi nimevunjiwa duka mara mbili hapa Sakina. Mara ya pili waliofanya ukaguzi wa awali walikuwa watoto. Kamoja kalikuja kununua kiberiti, kakauliza, "Mama leo unafunga saa ngapi?" Nikakajibu kwa upendo kabisa. Kalikuwa na sare ya shule.

Sisemi anyongwe. Ila msiniambie mtoto hajui.

Karani Mstaafu:

Wanangu, nimekaa masijala ya mahakama miaka mingi kabla ya kustaafu, niko Kibosho nalea wajukuu na migomba. Naomba nijibu ile sehemu ya pili, kwa sababu hiyo naijua kwa mikono yangu.

Kwanza, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kesi zake huenda Mahakama ya Watoto. Wengi hudhani basi imeisha. Haijaisha. Mauaji yametolewa pale. Mtoto anayeshtakiwa kwa mauaji kesi yake huishia kusikilizwa Mahakama Kuu kama ya mtu mzima, na dhamana hakuna.

Inavyoanza ni hivi. Analetwa kwa hakimu wa chini, anasomewa shtaka, halafu anaambiwa maneno ambayo nimeyasikia mpaka nayaota: "Hutakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza kesi hii." Anarudishwa. Baada ya wiki mbili analetwa tena, wakili wa serikali anasimama: upelelezi haujakamilika. Anarudishwa. Mnaona Steve alivyokuwa na mengi ya kuandika? Wa kwetu miezi ya mwanzo anakuwa ameambiwa anyamaze tu.

Kukaa kwake anatakiwa awe mahabusu ya watoto, si kuchanganywa na wakubwa. Moshi ipo, Arusha ipo. Na afisa ustawi wa jamii anatakiwa aende nyumbani, aulize majirani, aulize shuleni, aandike taarifa. Ile taarifa ndiyo kidogo inafanana na yule mwalimu wa filamu aliyekuja kumsemea Steve.

Vita kubwa niliyoiona haikuwa ya nani kaua. Ilikuwa ya umri. Mama mmoja alikuja dirishani kwangu na mfuko wa rambo. Ndani mna kadi ya kliniki imelowa na kukauka mara kadhaa, cheti cha ubatizo kutoka parokiani, na picha ya mtoto siku ya komunio ya kwanza. Cheti cha kuzaliwa hana. Kadi ya kliniki mwaka unasomeka, lakini tarakimu ya mwisho imeingia maji, yaweza kuwa tatu, yaweza kuwa nane. Aliniuliza, "Mama, wewe unaona ngapi?" Nilivaa miwani, nikavua, nikavaa. Sikuwa na ruhusa ya kuona ngapi.

Kwa nini umri? Kwa sababu kuua kwa kukusudia adhabu yake kwetu ni moja tu, kunyongwa, jaji hana kingine cha kuchagua. Isipokuwa kama siku ya tukio ulikuwa hujatimiza miaka 18. Hapo sheria inakataza kutamka kifo, badala yake anawekwa kizuizini kwa matakwa ya Rais, bila kuhesabiwa miaka. Kwa hiyo ile tarakimu iliyoingia maji ilikuwa na uzito kuliko shahidi yeyote.

Pili, hilo la kutogusa silaha. Msijidanganye kwamba ni la Marekani tu. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 23, inazungumzia nia ya pamoja. Mkikubaliana kufanya uovu, na katika kuutenda kukatokea kosa lingine ambalo mtu angeweza kulitarajia, kila mmoja anahesabiwa amelitenda. Aliyeshika panga na aliyesimama njia panda wanasomewa shtaka moja. Ila serikali lazima ithibitishe hayo makubaliano, na mashaka yakibaki ni faida ya mshtakiwa.

Tatu, Ticha, nakusahihisha kwa heshima. Wale 12 wa Marekani si sawa na wazee wetu wa baraza. Wale ndio wanaoamua. Wa kwetu walikuwa wanakaa na jaji, kesi ikiisha kila mmoja anasimama kutoa maoni yake, halafu jaji anaamua mwenyewe, anaweza kuwakatalia wote akieleza kwa nini. Siku hizi hata si lazima wawepo.

Na la mwisho linalonichekesha na kuniuma. Zamani mtoto anajieleza kwa Kiswahili, jaji anaandika kwa Kiingereza. Maneno yake mwenyewe anasomewa baadaye yamevaa suti. Sheria ilibadilishwa 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Yule Steve alikuwa na bahati moja: filamu yake aliiandika mwenyewe.

Ticha wa Ngarenaro:

Shikamoo mama. Nimepokea sahihisho. Na yule mtoto wa kadi ya kliniki, iliishaje?

Karani Mstaafu:

Marahaba baba. Jalada lilihamishwa, nami nikahamishwa. Sijui.

Mama Duka Sakina:

Mama umenifanya nikumbuke kale ka kiberiti. Kalikamatwa, mjue. Kalikuja na bibi yake kuomba msamaha, kameshika kuku. Kuku nilimpokea. Kesi sikufuta.

Mzee wa Fotokopi:

Asanteni wote. Mama Karani, hizo hati za viapo vya umri nachapa mimi kila wiki. Elfu mbili ukurasa. Sikuwahi kufikiri.

Sasa niseme kwa nini nakwepa swali la binti, maana nimeona hapa hamnijui.

Nilikuwa na miaka 15, tunakaa Pasua. Kulikuwa na kibanda cha soda na sigara, analinda mzee mmoja mwenye koti la jeshi na tochi ya betri tatu. Wenzangu wawili, wakubwa kwangu, waliniambia, wewe kaa kwenye mwembe, ukiona tochi inakuja piga mluzi. Kazi rahisi, na mimi mluzi nilikuwa naupiga kuliko mtaa mzima, ndiyo maana walinichagua.

Tochi ilikuja. Nilikunja midomo. Haikutoka sauti, ilitoka hewa tu. Nikajaribu tena, hewa. Nikakimbia. Nyuma nikasikia bati, nikasikia jiwe, nikasikia mzee anasema "jamani" mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekanyagwa kwenye daladala.

Hakufa. Alishonwa juu ya sikio. Wale wawili walihamia Dar, hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyeniuliza. Niliendelea kupita pale nikienda kisimani, na yeye amekaa kwenye benchi na bandeji. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" Kila asubuhi. Baadaye bandeji ikatoka, kovu likabaki, na salamu ikawa ileile miaka minne mpaka alipofariki kwa ugonjwa wake mwingine.

Ticha, umeuliza kutotoa ishara ni nini. Kwangu mimi ningetoa. Ingekuwa ni ishara ya kuwaokoa wezi, siyo mzee. Nikisema "sikupiga mluzi" inasikika vizuri, hata kikombe kingebaki wima. Lakini sikuuacha. Ulinishinda.

Jana usiku tulirudia ule ukurasa wa wakili anageuka. Binti akaniuliza, "Baba, wewe ungekuwa yule mama, ungemkumbatia?" Nikamwambia kumbatio si sehemu ya malipo ya wakili. Akacheka. Halafu akaniangalia muda kidogo, akaweka karatasi ya fotokopi kama alama kwenye kitabu, akazima taa.

Dogo wa Kiboriloni, hiyo filamu ni ya saa ngapi? Nataka nijue bando la kiasi gani.