Kundi la Familia: Zawadi aombe vyuo gani vinne vya udaktari Uingereza?

Zawadi: Shikamooni wote. Nimetoka kufanya UCAT, ule mtihani wa kuombea udaktari, sasa hivi, matokeo wanakupa papo hapo. Nimepata 1,990, na ile sehemu ya kupima busara kazini nimepata daraja la 2 kati ya manne, la 1 ndilo la juu.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu! Hongera sana. Hiyo 1,990 ni ya ngapi?

Zawadi: Ya 2,700 shangazi. Sehemu ni tatu, kila moja mwisho 900.

Mama Zawadi: Alhamdulillah. Mtoto kakonda kwa mtihani huu.

Baba Zawadi: Hongera binti yangu. Sasa twende kwenye fomu. Oxford ya kwanza, Cambridge ya pili, Imperial, halafu UCL. Tumemaliza.

Neema: Shikamoo baba mdogo. Hongera mdogo wangu, umejitahidi sana. Baba mdogo, Oxford na Cambridge haziombwi zote mbili mwaka mmoja, inabidi achague moja. Na nakuomba tusijaze fomu kwa majina. Fomu ya UCAS, ile moja ya kuombea vyuo vyote, inampa nafasi nne tu za udaktari. Nne kwa mwaka mzima. Akizipeleka mahali ambapo hawatamwita kwenye usaili, zimekwenda.

Baba Zawadi: Marahaba mwanangu. Lakini mtoto ana akili, GCSE zake, ile mitihani ya miaka 16, umeziona.

Neema: Nimeziona, na ndizo zinazonifanya niseme hivi. 9 sita, ndiyo alama ya juu kabisa, na 8 nne si mchezo. Hiyo ndiyo karata yake. UCAT yake ni nzuri ila si ya kutisha. Sasa kila chuo kina namna yake ya kuchuja watu kabla ya usaili. Vingine vinapanga waombaji kwa UCAT kuanzia juu kwenda chini, wakifika idadi yao wanafunga. Hapo GCSE zako hata ziwe za dhahabu hakuna anayezitazama. Vingine vinahesabu GCSE na UCAT pamoja kwa pointi. Zawadi aende kwenye hivyo vya pili.

Shangazi Rehema: Ngoja, kwa hiyo mtoto mmoja, alama zilezile, chuo hiki wanamwita na kile wanamkataa bila hata kumwona?

Neema: Ndiyo shangazi. Na kila mwaka inatokea. Kuna kijana tulisoma naye, alama zake zilikuwa juu kuliko zangu, aliomba vyuo vinne vyote vya kupanga kwa UCAT na mwaka huo UCAT haikumkalia vizuri. Hakuitwa hata kimoja. Mwaka uliofuata akaomba kwa kuangalia, akaitwa vitatu.

Mama Zawadi: Mungu wangu. Mwaka mzima nyumbani.

Babu: Nasoma polepole. Nauliza: chuo gani kinatoa daktari bora? Tuanzie hapo.

Neema: Shikamoo babu. Swali zuri. Vyuo vyote vya udaktari hapa Uingereza vinakaguliwa na GMC, baraza linalosajili madaktari. Na sasa kuna mtihani wa MLA: wote wanaohitimu kuanzia mwaka wa masomo 2024/25 lazima waufaulu, awe wa Cambridge au wa chuo kilichofunguliwa juzi. Kwa hiyo hakuna chuo cha kutoa nusu daktari.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Nimekupata. Lakini jina si linamsaidia kupata kazi?

Neema: Hata zamani halikuhesabiwa, walikuwa wanaangalia nafasi yako darasani na mtihani mmoja hivi. Tangu 2024 wamefuta. Mhitimu anataja mikoa anayoipenda, kompyuta inampa namba ya bahati nasibu, basi. Wa Oxford na wa Hull wako kwenye kapu moja. Mimi mwenyewe sipendi mfumo huo, mtu amejituma miaka mitano anaishia kupangiwa kwa bahati. Lakini ndio uliopo, na maana yake ni kwamba kuchagua chuo kwa sababu ya kazi ya kwanza hakuna faida.

Shangazi Rehema: Mimi ni muuguzi wodini mwaka wa kumi na kitu huu. Madaktari wapya wanakuja kila Agosti. Sijawahi kusikia mgonjwa akiuliza daktari wake amesoma wapi. Anauliza kama atarudi kumwona kesho.

Baba Zawadi: Sawa, nimewasikia. Lakini Oxford nao si wanatazama GCSE? Nimesoma kwenye tovuti yao.

Neema: Kweli kabisa baba mdogo, wanachanganya GCSE na UCAT, na GCSE wanazitazama kulingana na shule uliyosoma. Kwa hiyo si ndoto ya mchana. Ila wanaoshindana naye pale wengi wana 9 tupu na UCAT ya juu. Akiomba, ajue ametoa nafasi moja kati ya nne kwa kubahatisha. Na kuna jambo kubwa zaidi, namna wanavyofundisha. Zawadi, hebu sema wewe. Tunakuzungumzia kama haupo.

Zawadi: Niko dada, nilikuwa kwenye basi. Baba, nisikilize usikasirike. Oxford ni miaka sita. Mitatu ya kwanza ni sayansi, wagonjwa unawaona kwa nadra sana, halafu mitatu hospitalini. Cambridge hivyohivyo. Kuna watu wanataka hivyo, rafiki yangu anaipenda biokemia kama nini. Mimi ule mwaka niliokuwa naenda Jumamosi kwenye nyumba ya wazee, kumlisha mtu, kumsikiliza, ndipo nilipojua nataka kazi hii. Nataka wagonjwa tangu mwaka wa kwanza.

Baba Zawadi: Sikasiriki.

Baba Zawadi: Imperial na UCL?

Zawadi: Hizo nazo miaka sita baba, pamoja na shahada ya sayansi katikati. Edinburgh pia siku hizi. Kwingine kwingi ni mitano, na ukitaka mwaka wa ziada wa utafiti unauomba.

Mama Zawadi: Mwaka mmoja wa ziada ni pesa pia.

Neema: Ni pesa mama mdogo, ingawa kwa mwanafunzi wa England kuanzia mwaka wa tano ada inalipwa na NHS, huduma ya afya ya taifa. Mzigo unaobaki ni wa kuishi, na mkopo wa kujikimu mwaka huo unapungua. London mwaka wa sita na chumba cha kupanga si jambo dogo.

Shangazi Rehema: Neema, hebu nieleze hili la namna ya kufundisha. Sisi tulikaa darasani, mwalimu mbele, tunaandika. Sasa hivi kuna nini?

Neema: Iko mifumo kama mitatu. Ule wa zamani kama wa Oxford na Cambridge. Kuna wa mchanganyiko, ndio wengi: moyo mnausoma kwa pamoja, maumbile yake, dawa zake, magonjwa yake, na wodini mnapelekwa mapema. Halafu kuna wa chuoni kwetu, wa PBL, kujifunza kwa kuchambua kesi ya mgonjwa. Jumatatu tunakaa wanane au kumi mezani na mwezeshaji. Tunapewa karatasi: mwanamume wa miaka 58, kifua kinambana akipanda ngazi, akipumzika kinaachia. Mmoja anaandika ubaoni, mmoja anaongoza. Tunataja tunachokijua, halafu tunaandika maswali ya tusichokijua: kwa nini maumivu yanakwenda mkono wa kushoto? Ile dawa ya kuweka chini ya ulimi inafanya nini kwenye mishipa? Tunatawanyika, kila mtu anakwenda kusoma maswali yote. Baada ya siku chache tunarudi kuelezana. Mwezeshaji hafundishi, anasikiliza na kusukuma tu pale mnapokwama.

Shangazi Rehema: Na usiposoma?

Neema: Unaonekana palepale. Meza ya watu wanane haina pa kujificha. Wapo wanaoteseka nayo kwa sababu hakuna anayekwambia soma ukurasa huu mpaka huu. Mimi ndiyo imenifaa. Mwenzangu mmoja alilia muhula mzima wa kwanza, na si kwamba hana akili. Angekuwa chuo cha mihadhara angetulia.

Zawadi: Mimi nadhani nitaweza PBL. Kwenye kemia najielewa zaidi nikimfundisha mtu.

Neema: Basi iweke moja ya namna hiyo, si zote nne. Jingine la kuuliza ni miili ya marehemu ya kujifunzia. Kuna vyuo wanafunzi mnapasua wenyewe wiki kwa wiki, kuna vyuo mnaonyeshwa sehemu zilizokwisha kupasuliwa, na kuna wanaotegemea picha na skani. Kama unafikiria upasuaji, uliza hilo siku ya kutembelea chuo. Wanajibu bila kuficha.

Babu: Na umbali? Bibi yako anauliza utakuwa unarudi lini.

Zawadi: Mwambie bibi nitarudi, babu. Sikukuu zote.

Neema: Babu, umbali una mambo mawili. La kwanza ni la nyumbani mpaka chuoni. La pili watu hawaliulizi: kutoka chuoni mpaka hospitali anakopelekwa kujifunza. Anayesoma Aberdeen anaweza kupelekwa Inverness. Anayesoma Lancaster anaweza kukaa Barrow. Unaamka alfajiri, au unahamia huko kwa wiki kadhaa. Hospitali ndogo ina raha yake, unamfikia mgonjwa wewe mwenyewe badala ya kusimama nyuma ya watu kumi na wawili. Lakini uwe unajua mapema. Halafu mkumbuke vyuo vya Scotland vina mgawo, nafasi nyingi ni za wakazi wa huko.

Mama Zawadi: Sasa tupeni majina jamani. Mwisho wa kutuma fomu ni 15 Oktoba, si mbali, na shule wameshasema wanataka fomu mapema ili mwalimu aweke barua yake.

Neema: Mimi napendekeza, Zawadi ndiye mwamuzi. Birmingham, wanachanganya GCSE na UCAT na mazingira ya mtoto. Leicester, GCSE na UCAT kwa pointi. Cardiff, kwa miaka mingi wamekuwa wakizipa GCSE uzito mkubwa. Queen's ya Belfast, GCSE zinampa pointi nyingi. Hull York, wana PBL, na wanahesabu GCSE, UCAT na lile daraja la busara, kwa hiyo daraja la 2 linamsaidia. Hivyo ni vitano, apunguze kimoja. Ila kila kimoja afungue ukurasa wake wa mwaka huu asome mwenyewe, kwa sababu wanabadilisha vigezo. Na Medical Schools Council, baraza la vyuo vya udaktari, wanatoa kila mwaka orodha ya masharti ya vyuo vyote, aanze na hiyo. Asimwamini mtu, hata mimi.

Zawadi: Nimeshaifungua dada. Nina jedwali: masharti ya A-level, ile mitihani ya mwisho wa sekondari, GCSE wanazihesabu vipi, UCAT wanaitumiaje, usaili ni wa aina gani. Walimu wamenitabiria A*AA, kemia, biolojia na hisabati, vyote vitano vinakubali.

Baba Zawadi: Na wakijua ameomba kwa wenzao, hawakasiriki?

Neema: Hawaoni baba mdogo. Kila chuo kinaona ombi lake tu mpaka majibu yatoke.

Shangazi Rehema: Ile nafasi ya tano kwenye fomu ni ya nini?

Neema: Ni ya kozi nyingine isiyo udaktari. Wengi wanaweka sayansi ya tiba. Inaweza kuachwa wazi, hakuna adhabu.

Mama Zawadi: Aijaze. Asije akakosa vyote.

Zawadi: Mama, mimi nataka kuiacha. Nikikosa, nitarudia UCAT mwakani na kuomba tena, nifanye kazi kwenye nyumba ya wazee mwaka huo. Nikiingia sayansi ya tiba nitakuwa nimekaa miaka mitatu nikitamani chumba cha jirani, halafu njia ya wenye shahada nayo ina ushindani mkali.

Mama Zawadi: Mwaka mzima Zawadi?

Shangazi Rehema: Wifi, mwache. Nimefanya kazi na daktari aliyeingia jaribio la tatu. Ndiye ninayemwamini kuliko wote pale wodini. Mwaka wa kulisha wazee haupotei.

Mama Zawadi: Sijasema hapana. Nataka nilale nalo.

Baba Zawadi: Zawadi, nimefikiri. Oxford ni hamu yangu mimi, tangu siku ile tulipopita pale ukiwa mdogo. Weka unavyoona wewe.

Zawadi: Asante baba. Kweli asante. Nataka Birmingham, Leicester, Cardiff na Hull York. Belfast naiacha kwa sababu ya nauli ya ndege, si kwa ubaya.

Babu: Vizuri. Bibi anasema Leicester anaijua.

Neema: Nne nzuri. Sasa maelezo binafsi. Siku hizi si insha moja, ni maswali matatu, jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi. Ule mwaka wa nyumba ya wazee usiumalize kwa sentensi moja. Andika mtu mmoja, bila jina lake, na ulichojifunza kwake. Nitumie rasimu Jumapili.

Zawadi: Jumapili jioni dada.

Neema: Na usaili wengi wao ni wa vituo, MMI. Unaingia chumba, dakika kama saba, kengele, unahamia kingine. Kituo kimoja unampa mtu habari mbaya, kingine unaelezea grafu, kingine wanakuuliza ungefanya nini ukimkuta daktari mwenzako ananuka pombe. Nyingine zinaanza Desemba. Tukisubiri barua ndipo tufanye mazoezi tumechelewa.

Shangazi Rehema: Mimi nitakuwa mgonjwa. Jumamosi hii niko mapumziko.

Baba Zawadi: Mimi nishike saa na kengele.

Neema: Saa nne asubuhi basi, kwa video. Zawadi, kituo cha kwanza ni hicho cha daktari mlevi. Usiende kutafuta jibu mtandaoni, nataka nisikie la kwako kwanza.